Maswali na Majibu: Ruta Inapoharibu Mchezo wa Mtandaoni

PlayStation yangu inaonyesha NAT ya aina ya 3. Ninacheza vizuri na watu nisiowajua, lakini rafiki zangu wakinialika siwezi kuingia wala kusikia sauti zao. Nilinunua ruta mpya nikaiunganisha kwenye ile ya kampuni ya intaneti, na hali haikubadilika. – Msomaji, Jinja

Huenda ruta hiyo mpya ndiyo iliyoongeza fundo juu ya fundo. NAT ni kazi ya ruta ya kubadilisha anwani ili vifaa vyote vya nyumbani vitumie anwani moja ya nje. Ruta mbili zikiifanya kwa kufuatana, ombi la rafiki yako hufika kwenye ile ya kwanza na kukwama, kwa kuwa hakuna aliyeiarifu kwamba mpokeaji yuko nyuma ya ile ya pili. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta mpya utazame anwani ya upande wa WAN, yaani upande unaoelekea intaneti. Ikianza na 192.168, jua kwamba ruta ya kampuni bado inafanya NAT. Igeuze hiyo ya kampuni iwe daraja tu, inayopitisha data bila kufanya NAT, au uifanye mpya iwe kituo cha Wi-Fi pekee, kisha washa UPnP (inayoviruhusu vifaa kuiomba ruta yenyewe ivipitishie data ya nje) kwenye ile inayobaki na uizime PlayStation kabisa kabla ya kujaribu tena. Ukiona aina ya 2, umefika. Hakuna haja ya kuitafuta aina ya 1.

Hata hivyo, tazama pia anwani ya WAN ya ruta inayobaki. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni zinazowagawia wateja wengi anwani moja, basi NAT ya pili iko kwa kampuni yenyewe, na hakuna kitufe chochote nyumbani kwako kitakachoiondoa. Jambo hili ni la kawaida hasa kwa ruta zinazotumia laini ya simu. Omba anwani ya IP ya umma, ukijua kwamba mara nyingi hulipiwa.

Mdogo wangu akianza kupakia video, mchezo wangu unaganda, ingawa tunalipia kasi kubwa. – Msomaji, Ntinda

Kasi mnayo; kinachokosekana ni utaratibu wa foleni. Ruta nyingi hupokea data nyingi kuliko laini inavyoweza kutoa, zikazirundika, na pakiti (vipande vya data) ndogo za mchezo hulazimika kusubiri nyuma ya video nzima, kama bodaboda iliyonaswa nyuma ya malori. Tafuta mpangilio wa QoS, unaoamua data ipi itangulie, na kama ruta yako ina SQM, unaozuia foleni isirundikane, chagua huo. Pima kasi halisi wakati nyumba imetulia, kisha weka kikomo cha kupakia na cha kupakua kuwa takriban asilimia 85 hadi 90 ya ulichopima. Mtapoteza kasi kidogo makusudi, lakini foleni itahamia ndani ya ruta yenu, ambako inaweza kupangwa. Usiandike kasi iliyotangazwa kwenye kifurushi, kwa sababu kikomo kilicho juu ya uwezo wa laini hakifanyi kazi yoyote.

Nimeshauriwa niiweke kompyuta yangu kwenye DMZ. Nifanye hivyo? – Msomaji, Mbarara

Hapana. DMZ huielekezea kompyuta hiyo kila ombi la nje lisilo na mwenyewe, likiwemo la mwizi. Fungua milango (namba ambazo data hupitia kwenye ruta) ambayo mchezo wako unaitaja, basi.

Tuna Xbox mbili. Nilielekeza mlango wa 3074 kwa ya kwanza, sasa ya pili inalalamika. – Msomaji, Gulu

Mlango mmoja wa nje hauwezi kuelekezwa kwa vifaa viwili. Futa kanuni hiyo, uache UPnP igawe milango yenyewe. Ikishindwa, ingia katika mipangilio ya juu ya mtandao ya Xbox ya pili uchague mlango mwingine. Ukiamua kuelekeza milango kwa mkono, hakikisha kwanza kwamba ruta inaipa kila Xbox anwani ileile ya ndani siku zote, la sivyo umeme ukikatika na kurudi, kanuni yako inaweza kuelekea kwenye simu ya mgeni.

Ni mpangilio gani utakaonipa pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) ya milisekunde 20 kwenye seva za Ulaya? – Msomaji, Kampala

Hakuna. Mwanga ndani ya kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Hata Johannesburg, iliyo karibu kilomita 3,000 kwa mstari mnyoofu, haiwezi kukupa chini ya 30, sembuse Ulaya, ambako data zetu lazima kwanza zishuke pwani ya Bahari ya Hindi. Chagua seva iliyo karibu zaidi kama mchezo unaruhusu.

Unachoweza kutibu ni pingi inayorukaruka. Pima pingi hadi kwenye ruta yako yenyewe, kwa kawaida kwenye anwani 192.168.1.1: ikiwa hata hapo namba zinapanda na kushuka, tatizo ni Wi-Fi. Mimi niliwahi kuigombeza kampuni yangu kwa wiki nzima kabla ya kukumbuka kwamba ruta nilikuwa nimeiweka nyuma ya friji. Tumia kebo, au hamia Wi-Fi ya GHz 5; ukilazimika kubaki kwenye GHz 2.4, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.