Mbolea: elimu ipo, pesa ndiyo haifiki Machi

Mwenye uzi ameuliza kwa nini mkulima anayejua faida ya mbolea bado hupanda bila hiyo, na wengi mmejibu kwamba apewe elimu. Mimi nauza pembejeo magharibi mwa Kenya. Wateja wangu wanaijua CAN, mbolea ya kukuzia mahindi, vizuri sana, hata kipimo cha kila shina watakutajia.

Shida ni kalenda. Septemba mahindi yameuzwa, pesa ipo. Machi inapoingia, wakati wa kupanda, karo ya Januari imeshapita nayo, na matanga hayakosekani. Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilichunguza jambo hili Busia, huku huku magharibi. Karibu wakulima wote walisema wangetumia mbolea msimu uliofuata. Waliotumia kweli hawakufika wanne kwa kumi. Wakajaribu mpango walioupa jina SAFI: mara tu baada ya mavuno, mtu anapita nyumbani, mkulima analipia mbolea pale pale, kisha analetewa bure wakati wa kuitumia. Watumiaji wakaongezeka. Wengine walipoahidiwa kuletewa bure baadaye, msimu ukiwa umeshika kasi, haikusaidia kitu cha maana. Wakati huo ilibidi bei ikatwe nusu ndipo matokeo yalingane na ya SAFI. Piga hesabu ya ruzuku tunazolilia kila Machi!

Dukani kwangu nami hupokea malipo ya mapema msimu wa mavuno na kuandika risiti. Kuna mama hulipa huku akinionya: "Ukiniona Januari nimekuja kuidai hii pesa, nikatalie." Huyo anajijua kuliko mtaalamu yeyote, semina ya nini tena?

Ila msikimbilie kufungia watu pesa zao. Mchumi Pascaline Dupas na huyo huyo Robinson (utafiti wao ulitoka 2013) waligawa visanduku vya akiba ya afya, huku huku magharibi. Waliobaki na ufunguo wao wenyewe walinunua zaidi vitu vya kinga, kama vyandarua. Wale ambao ufunguo ulishikwa na ofisa wa mradi hawakuongeza, maana nani atatia pesa mahali ambapo hawezi kuzigusa kukiwa na dharura nyingine?

Basi yule mama akija ana mgonjwa nyumbani, namrudishia bila maneno. Akija kwa ajili ya kochi jipya, hapo tutabishana mpaka nifunge duka.