Kaa mkekani, uchambue mchele

Swali la wiki: "Nimewanunulia wanangu sungura wawili. Hii ni wiki ya tatu, nikisogea tu wanajibanza kwenye kona. Nifanyeje wanizoee?"

Dada uliyeuliza, kwanza acha kuwashika. Najua ni kazi, hasa kama wenye sungura wana miaka sita. Wa kwangu wiki ya kwanza waliwakimbiza sebuleni wakitaka kuwapakata, na mimi mtu mzima nikawa nawazibia njia kwa ndoo. Usiku yule mweupe akapiga mguu wa nyuma sakafuni, puu, puu, karibu hadi alfajiri. Nikadhani ana njaa. Kumbe ndivyo sungura anavyomtahadharisha mwenzake kwamba kuna hatari, na hatari yenyewe ilikuwa sisi.

Mtazame macho yalivyokaa, pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, hata juu na nyuma, ila pale mbele ya pua hapaoni. Mkono ukimshukia kutoka juu, kwake huyo ni mwewe. Ukimjia puani anashtuka, maana hakuuona ukija. Mguse paji la uso au shavu, tena akishakusogelea mwenyewe. Na ule mtindo wa kumning'iniza kwa masikio, ambao babu yangu alikuwa bingwa wake, uachwe kabisa. Masikio yale yamejaa mishipa ya damu, ndiyo yanayompunguzia joto, na yanauma. Ikibidi abebwe, mkono mmoja upite chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, kisha mweke karibu na mwili wako. Sungura akirusha mateke miguu ikiwa inaelea anaweza kujivunja uti wa mgongo.

Kilichotukomboa sisi ni umeme kukatika. Magharibi moja nilikaa mkekani karibu na mlango nachambua mchele, kizimba kiko wazi, wala sikuwa na habari nao. Baadaye nikahisi kitu kinavuta upindo wa kanga. Yule mweusi alikuwa anautafuna! Nusura nipige kigelegele, nikajizuia. Kanga ile ina tundu mpaka leo na sitaki ishonwe.

Sungura huchangamka alfajiri na jioni. Mchana anapumzika, na sisi saa nane ndipo tulipokuwa tukimwandama. Tangu siku hiyo kila magharibi nikawa nakaa chini dakika 20 au 30 na jani la giligilani juu ya goti, simwiti mtu. Siku ya nne likachukuliwa. Karoti wape kipande kidogo tu, ina sukari. Mlo wao ni nyasi kavu kutwa kucha. Kuna jirani alinishauri niwashindishe njaa ili wanifuate. Usithubutu. Tumbo la sungura halitakiwi kusimama kufanya kazi, na asipokula hata nusu siku ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo.

Akikusugua kwa kidevu anakupaka harufu yake, yaani umeshakuwa mali yake. Ukimpapasa ukasikia meno yanasagana polepole, amestarehe. Yakisagana kwa nguvu naye amejikunyata, anaumwa. Watoto wakimlaza chali akatulia watakwambia amelala. Hajalala, ameganda kwa woga. Mgeuze.

Wapo watakaokwambia uwatenganishe ili kila mmoja akutegemee wewe. Mimi sikubaliani nao. Sungura akiwa na mwenzake hupungukiwa na hofu, na mmoja akithubutu kukusogelea wa pili humfuata. Ila hakikisha unajua jinsia zao. Muuzaji aliniapia kwamba wangu ni majike watupu, na mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Asubuhi moja nikamkuta mweupe amejinyofoa manyoya ya kifua, ametandika kona ya kizimba. Nikakaa chini kama kawaida, nikampa giligilani yake. Akatafuna huku akinitazama, nami nikanyoosha mkono taratibu, nikafunua manyoya, nikahesabu. Walikuwa tisa, na hakupiga mguu hata mara moja.

Mama wawili, Morogoro