Aflasafe: kuvu inayomwagwa shambani kuzuia sumukuvu

Swali: Nina ekari 2 za mahindi huku Kiteto. Bwana shamba kaniambia ninunue Aflasafe, nayo nasikia ni kuvu. Kuvu itazuiaje kuvu? Na nimwage lini, kiasi gani?

Jibu: Si kila Aspergillus flavus (kuvu inayoleta sumukuvu iitwayo aflatoksini) hutengeneza sumu. Zipo ambazo jeni zake zina hitilafu, haziwezi kabisa. Watafiti huzisaka kwenye mashamba ya nchi husika, wakazikuza na kuzipaka kwenye punje za mtama zilizouawa zisiote. Ukizimwaga mapema, zinawahi kukalia udongo na mabaki ya mazao; ile yenye sumu ikiamka inakuta pamejaa. Mbinu hii ilianzia mashamba ya pamba huko Arizona, Marekani, ikaja kwenye mahindi na karanga zetu. Umuhimu wake hauhitaji kuelezwa sana: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Kipimo ni kilo 4 kwa ekari, kwa hiyo wewe nunua 8. Mwaga wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajatoa mbelewele, kwa mkono, juu ya ardhi, ukiwa na glavu na barakoa. Palizi ya mwisho iwe imekwisha. Hapa ndipo wengi huharibu: wanamwaga, kisha wanapiga jembe, punje zinafukiwa na mbegu za kuvu hazipati njia ya kupeperuka hadi kwenye magunzi. Kosa la pili ni kumwaga kwenye udongo mkavu. Punje zitakaa tu, ndege na sisimizi wale. Subiri mvua inyeshe. Baada ya siku kadhaa ukiona punje zimevaa unga wa kijani, usishtuke, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kukausha kuko palepale: unyevu usizidi asilimia 13. Huna kipimo? Tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isiponata, uko chini ya 15 lakini huenda bado hujafika 13, kwa hiyo anika tena kabla ya kufunga magunia.

Na usiitegemee kwa kila kitu. Fumonisini, sumu ya kuvu nyingine iitwayo Fusarium, haiguswi na Aflasafe; magunzi yenye ukungu mweupe au wa waridi yachambue kabla ya kupukuchua.