Saa za angani na saa za ardhini

Umeuliza kama ni kweli kwamba muda haupiti sawa kila mahali, au ni hesabu za Einstein za vitabuni tu. Ni kweli, na ushahidi uko kwenye simu yako. Setilaiti za GPS, zinazoiwezesha simu kujua ulipo, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi zikiwa na saa za atomiki, yaani saa sahihi mno. Kwa sababu ya mwendo wao, saa hizo huchelewa kwa mikrosekunde 7 hivi (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde) kila siku zikilinganishwa na za ardhini, lakini kwa kuwa huko juu mvutano wa Dunia ni hafifu, huwahi kwa mikrosekunde 45, hivyo hutangulia kwa 38. Ni kidogo mno, utasema. Hata hivyo, nuru husafiri mita 300 hivi kwa mikrosekunde moja, na kwa kuwa simu hupima umbali kwa muda ambao mawimbi yametumia kufika, kosa hilo lisiporekebishwa lingefikia kilomita 11 kwa siku. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha setilaiti ya majaribio, NTS-2, wakaiacha saa yake siku 20 bila marekebisho: ilikimbia karibu sawasawa na nadharia ilivyotabiri.