Jibu: Kipigo kwenye tamthilia, kionyeshwe au kifichwe?

Mkuu, umeuliza kama kikundi chenu pale Uyole kionyeshe mume akimpiga mke, au mfiche kabisa. Mimi ningeonyesha kidogo sana. Kamera ibaki mezani: sahani ya ugali imesukumwa, mtoto ameacha kutafuna, macho kwenye mlango wa chumbani. Mtazamaji ataelewa, na hamtakuwa mmemfundisha mtu namna ya kupiga.

Tatizo la tamthilia zetu nyingi si kofi lenyewe, ni kinachofuata. Shangazi anasema "vumilia mwanangu", mume analia, wanarudiana, muziki unapanda. Basi, imeisha! Msiishie hapo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mpeni mchungaji au mjumbe aitamke, itawashtua wengi. Kisha mfuateni mama mpaka polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende nayo hospitali. Hiyo njia wengi hawaijui, kwa hiyo msiikimbize.

Pombe nayo (najua mlevi wa komoni, pombe ya kienyeji, anachekesha kwenye kamera) isiwe kisingizio. Huyo huyo mlevi mbona hampigi bosi wake?

Kwa waigizaji, kila pigo lipangwe na kufanyiwa mazoezi, na dada anayeigiza mke akisema "simama" mnasimama. Muulizeni faragha, kabla hamjampa nafasi hiyo, kama yuko radhi kuicheza. Na skripti ipelekeni dawatini waipitie kabla hamjarekodi.