Bodi ya marafiki watupu

Dada, umeuliza kama wajumbe watano wa bodi, wote marafiki zako, wanatosha kuongoza kituo chenu cha kufundisha watoto ngoma na uchoraji, na kwa nini walimu hawakai. Kwa maoni yangu hawatoshi. Rafiki huona haya kukuuliza risiti iko wapi, na hiyo ndiyo kazi ya bodi. Tafuta mtu wa hesabu awe mweka hazina, mzazi wa mwanafunzi, na msanii aliyewahi kufundisha. Wewe mkurugenzi hudhuria vikao, ila usiwe mwenyekiti. Huwezi kujisimamia mwenyewe.

Pesa ya mfadhili iliyotolewa kwa ajili ya rangi na brashi isilipie kodi ya jengo, hata mwezi ukiwa mgumu. Mwombeni ruhusa kwanza, kwa maandishi.

Walimu walipeni, hata kidogo, tena kwa tarehe inayojulikana. Wanaojitolea wapeni kazi mahususi: huyu anapokea watoto mlangoni na kuandika mahudhurio, yule anaosha brashi. Na kabla ya kumkabidhi yeyote darasa, ulizia alikofundisha awali. Kwenye usalama wa watoto hakuna cha “huyu tunamfahamu”.