Daktari anajibu: Halewi, lakini tumbo linazidi kujaa

SWALI: Shikamoo Daktari. Mume wangu ana umri wa miaka 47, na kwa zaidi ya miaka 15 amekuwa akinywa bia 5 kila jioni. Hajawahi kuyumba wala kukosa kazini, na husema pombe haiwezi kumdhuru kwa sababu hagusi gongo na anakula vizuri. Tangu miezi 3 iliyopita tumbo lake limekuwa kubwa ilhali mikono na mashavu yamekonda, na miguu huvimba ifikapo jioni. Rafiki zake wanamsifia kitambi. Je, nimwambie aache pombe leo hii?
Mama wa watoto 3, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Wasiwasi wako una msingi, na ningependa mumeo aonane na daktari wiki hii hii. Kitambi cha mafuta hujengeka polepole, na mara nyingi mashavu na mikono hunenepa pamoja nacho. Tumbo linalojaa kwa miezi michache huku misuli ya mikono ikinyauka na miguu ikivimba huashiria maji, na kwa mtu aliyekunywa kiasi hicho ini ndilo la kwanza kushukiwa, ingawa moyo na figo pia huweza kuleta dalili kama hizo.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 hubeba karibu gramu 20 za pombe halisi, hivyo chupa 5 ni gramu 100 kila siku. Gongo lina hatari zake za ziada, lakini kilevi kilichomo ni kile kile kilichomo kwenye bia. Chakula huchelewesha pombe kuingia kwenye damu, lakini sehemu kubwa yake bado itapita kwenye ini. Na kutoyumba kunaonyesha tu kwamba ubongo umezoea, ini halizoei.

Ini huvunja pombe kwa hatua, na katika hatua ya kwanza huzaliwa sumu iitwayo asetaldehaidi, inayojeruhi chembe za ini lenyewe. Kwanza mafuta hujilimbikiza ndani ya ini, jambo linalowapata walio wengi mno kati ya wanaokunywa zaidi ya gramu 60 kwa siku kwa muda mrefu. Kwa baadhi yao ini lililojeruhiwa huvimba, kisha hupata makovu, mpaka ini linakakamaa na kusinyaa. Haya yote huweza kuendelea kwa miaka bila maumivu, kwa kuwa nyama ya ndani ya ini haina hisia za maumivu. Damu inayotoka kwenye utumbo inapokosa njia kupitia ini lenye makovu, msukumo hupanda: maji huvujia tumboni, na mishipa ya umio hutanuka hadi kuweza kupasuka.

Sasa kuhusu kuacha. Ni lazima aache kabisa, lakini tafadhali usimlazimishe kuacha ghafla nyumbani peke yake. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi anaweza, ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo, kutetemeka, kupata degedege au kuweweseka, na hali hiyo huweza kuua. Hospitali humpa dawa za kutuliza na vitamini B1. Waambie ukweli wote kuhusu kiasi anachokunywa, na uombe apimwe damu ya ini, ultrasaundi ya tumbo, na homa ya ini B na C, kwani virusi hivyo vikikutana na pombe ini huharibika upesi zaidi. Asinywe dawa za mitishamba za “kusafisha ini”, na asitumie parasetamo wala dawa nyingine za maumivu bila kumuuliza daktari.

Ini lenye mafuta pekee huweza kurudi katika hali yake ndani ya wiki chache za kuacha pombe. Makovu hayaondoki kirahisi, ila nimeona wagonjwa wenye maji tumboni waliopata nafuu kubwa na kurudi kazini kwa sababu waliacha. Lakini macho yakigeuka manjano, akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami au akianza kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.